Kijapani cha Baba

Baba,

Nimekukamata. Kijapani hukukijua hata siku moja, na sisi na akili zetu tulikuamini zaidi ya miaka kumi. Mwenyezi Mungu akurehemu, lakini hili nataka ulisikie kwangu kabla hujalisikia kwa Nasir, maana kaka yangu huyo hawezi kuweka siri, na mimi siwezi kuacha kuchimba. Unanijua. Uliniita mpelelezi hata kabla sijapata kazi wizarani.

Nianze na kaseti. Zimo zote saba ndani ya kopo la biskuti, kama ulivyoziacha. Ulizitoa moja moja kwenye redio za yale magari makuukuu ya Japani yaliyokuwa yakiletwa gereji kwenu, mtaa wa Ghala, kufunguliwa vipuri, na ulipoona ya nne ina uso uleule wa ya kwanza, ulirudi nyumbani na swali: huyu ni nani, hata kila mtu huko amsikilize halafu amsahau garini? Kwenye jalada la ya kwanza ana nywele hadi mabegani na gitaa. Kwenye ya saba ana mvi na miwani, na gitaa ni lilelile. Hilo ulilipenda sana. Ulisema mtu aliyezeekea kazi moja ni wa kuaminika.

Mama hakutaka muziki ndani ya nyumba, kwa hiyo mwimbaji wako aliishi garini. Kila Ijumaa asubuhi ulitupakia mimi na Nasir twende Sidab kununua samaki, na kabla hatujatoka mtaani kwetu Al Khuwair ulishabonyeza kaseti na kuanza kutufasiria. Wimbo wa kwanza ulikuwa wa mtu aliyenunua punda mvivu, akaishia yeye kumbeba punda. Wa pili ulikuwa wa bibi harusi aliyeunguza wali, mume akala na kuomba aongezewe. Tulipokuuliza umejifunza wapi, ulisema mtu akishinda na injini za Kijapani miaka yote hiyo, lugha humwingia yenyewe. Jirani wa chini naye akaamini. Alikuletea kitabu cha maelekezo ya mashine yake ya kufulia, ukakitazama kwa makini ukurasa baada ya ukurasa, kisha ukamwambia asitie nguo nyingi kwa mara moja. Mashine ikapona. Toka siku hiyo nani angekubishia?

Lakini wimbo wa tano ulikuwa na mambo yake. Ukifika huo ulipunguza mwendo, hata wenye haraka wakatupigia honi, na hukuchekesha mtu. Ulisema: "Huyu anamwambia dada yake, nishikie viatu vyangu vya Idi, nnakwenda nnarudi. Basi hakurudi." Kuna pahala katikati mwimbaji anavuta pumzi kabla ya kiitikio, na wewe hapo ulinyamaza pamoja naye. Nilikuuliza kwa nini hakurudi. Ulisema wimbo hausemi.

Sasa sikiliza nilivyokukamata. Mwezi uliopita idarani kwetu alikuja mtaalamu wa maji kutoka Japani, Bi Keiko, mwanamke wa makamo anayeziba mdomo akicheka. Tunazungumza Kiingereza, chake kibovu kidogo na changu pia, tunaelewana. Siku ya tatu nilishindwa kuvumilia. Saa ya mapumziko nilimchukua kwenye gari lako, nikawasha kiyoyozi na kaseti, nikamwomba aniambie kila wimbo unasema nini. Alipouona uso kwenye jalada alishika kifua. Alisema mama yake alikuwa akiosha vyombo na nyimbo hizo, na yeye mwenyewe ameziimba kwenye harusi ya mwanawe, kwamba mzee huyo angali anapanda jukwaani, na watu wa rika tatu wanamwitikia.

Baba, hakuna punda. Wimbo wa punda ni wa babu anayemfundisha mjukuu kuendesha baiskeli. Wa wali ulioungua ni wa mtu anayehama nyumba na hajui aifanye nini meza ya wazazi wake. Nilicheka mpaka machozi yakanitoka, naye akacheka kwa kuniona mimi. Kisha ukaja wa tano. Alisikiliza mpaka mwisho akasema ni mtu amesimama nje ya duka la dawa, anangoja mvua ikatike. Nikamwuliza dada yuko wapi. Hakuna dada. Nikarudisha kaseti nyuma mara tatu, mama wa watu akasikiliza mara tatu kwa adabu. Mvua tu, alisema, na mtu anayeona haya kuingia ndani kwa sababu viatu vyake vimelowa.

Niliendesha kurudi nyumbani nikiwaza. Punda na wali unaweza kuvitunga, wewe ulikuwa bingwa wa kutunga. Lakini mtu hapunguzi mwendo wa gari kwa ajili ya hadithi ya kutunga. Nikaenda moja kwa moja kwa Mama.

Mama bado yumo edani, anakaa chumbani na nguo zake nyeupe na tasbihi, na mimi ndiye gazeti lake. Nilimweleza yote. Kwa punda alicheka, mara yake ya kwanza toka tukuzike. Kwa wimbo wa tano aliiweka tasbihi chini.

"Huyo Zuhura," akasema. "Dada yake, baba mmoja. Mimi nnajua toka siku alonioa. Aliniapisha nisikwambieni."

Nilimuuliza kila kitu, na akanijibu kila kitu, kwani nani tena wa kumzuia. Kwamba mlikua nyumba moja Unguja, mama yake Mnyamwezi, wako Mmanga, Mwarabu wa Omani, na sahani yenu moja. Kwamba ulipoondoka ulimwahidi ukifika Maskati utamwita. Kwamba zilipokuja fomu za serikali za kuandikisha jamaa wa kuletwa huku, wazee walikwambia uandike watoto wa mama yako kwanza, wa mama yule wataleta maswali na faili la wote litakwama, huyo ataandikwa baadaye. Ukawatii. Baadaye haikufika. Kisha ukaona haya, na haya ikazaa miaka. Mama alikutafutia namba yake ya simu, akakupa mara tatu, na kila mara ulisema kesho.

Nilikukasirikia, Baba. Siku mbili sikukuombea dua, na nakwambia mwenyewe ili usije ukaambiwa. Lakini hasira kwangu haikai, udadisi huifukuza. Nilitaka kujua kwa nini ulimtia ndani ya wimbo wa mtu wa mbali hivyo. Nadhani nimejua. Hukuweza kutuhadithia kama yako, ukatuhadithia kama ya Mjapani, kwa lugha ambayo Maskati nzima hapakuwa na wa kukusahihisha. Na ulitaka tukuulize. Niliuliza swali moja tu, nikaridhika na jibu. Hilo ndilo linaloniuma.

Kuna jambo jingine lililoninyima raha. Nasir alinihadithia kwamba makaburini Mjomba alisimama akawaomba waliohudhuria wakusamehe kila ulilowakosea, wote wakaitikia wamesamehe. Watu wazuri, lakini hukuwakosea kitu. Mwenye haki yake hakuwepo, wala hakujua kwamba umekufa.

Basi nimempigia. Namba ni ileile. Sauti yake ni yako, Baba, hata kule kusafisha koo kabla ya salamu. Nilijitaja, nikampa habari ya kifo chako. Kisha akauliza ulikufa siku gani, na kama uliumwa sana, na nani alikukosha kabla ya maziko. Nilimjibu. Halafu nikamwomba akusamehe.

"Hilo halisemwi kwa simu, mwanangu," akasema. "Njoo. Nnataka kumuona aliyetumwa."

Nikamwambia sikutumwa na mtu.

"Basi ndo uje zaidi."

Eda ya Mama inakwisha mwezi ujao. Tunakwenda Unguja watatu, na Nasir ameshaomba ruhusa kazini. Kaseti naziacha hapa, kwa sababu safari hii sitaki mtu wa kutusemea. Nakuahidi nitamwambia ukweli wote, wa fomu, wa wazee na wa kesho zako, bila kuupamba. Nitamwambia pia kwamba kila Ijumaa ulimleta mbele ya watoto wako na hukuthubutu kumtaja jina. Akisema amekusamehe, nitakuja kaburini kukwambia. Na akisema hakusamehe, nitakuja kukwambia hivyo hivyo.

Mungu akulaze pema, Baba.

Binti yako,
Salma