Waya Kwenye Bawaba

Jumatatu, 4 Agosti
Geti la mteja ninalochomelea limelala tena. Nimeshinda kwenye trela ninayomjengea Mama. Mlango wa nyuma sasa unanyanyuka bila kelele. Bawaba ziko juu, kwa hiyo ukifunguka unakuwa paa la jiko. Taa nimeifunga upande wake wa ndani, imulike meko.

Imebaki kupitisha waya kwenye bawaba. Nimetumia ule wa nyumba uliobaki tulipoweka stima kanisani. Nimeuvuta ukakaza vizuri. Sipendi waya unaoning'inia.

Ijumaa tunaenda makambini, mikutano ya kanisa letu huko Gesima. Miaka yote Mama ndiye aliyepikia wageni uji. Mwaka juzi alijikwaa gizani kwenye kamba ya hema, akavunjika nyonga. Mwaka jana alibaki nyumbani. Anasema hakanyagi tena mahali asipoona miguu yake. Hii trela ni kwa sababu hiyo tu. Bila taa, haendi.

Jumanne, 5 Agosti
Taa imewaka. Mama ameufungua na kuufunga ule mlango mpaka nikaogopa ataung'oa. Anacheka peke yake. Sijamwona hivyo tangu aumie.

Jioni amemwambia mke wangu, Moraa, ampelekee godoro na blanketi. Anataka kulala humo apazoee. Nimefurahi kama mjinga.

Jumatano, 6 Agosti
Taa imekufa. Mama aliamka alfajiri, akafungua mlango, giza.

Waya umekatika pale pale kwenye bawaba. Wa nyumba una uzi mmoja mgumu, ukiukunja na kuukunjua unakatika. Mtoto wa shule anajua hilo. Na kwa vile niliuvuta ukakaza kama kamba ya kuanikia nguo, hakuna hata kipande cha kuungia. Lazima waya mpya kutoka kwenye betri.

Betri iko ndani. Niliifunga mwenyewe kwa skrubu ukutani, kando ya mto wa kulalia.

Nilifika mlangoni na bisibisi mkononi. Kitanda kimetandikwa. Gauni la kulalia la Mama liko kwenye msumari. Mguu ukakataa. Tangu nitahiriwe sijaingia chumba anacholala mama yangu, na sitaanza leo. Hiyo ndiyo chinsoni, heshima yetu, na haijali kama chumba kina magurudumu. Trela nimeijenga kwa mikono yangu, na tangu jana usiku siwezi kuingia.

Moraa amecheka mpaka akakaa kwenye nyasi. Sikuona cha kuchekesha.

Alhamisi, 7 Agosti
Siku mbaya.

Nimemwomba Moraa aingie yeye. Hataki. Aliwahi kupigwa shoti jikoni na tangu hapo hata swichi anaibonyeza kwa kijiti. Nimemweleza kwamba betri kama hii haipigi mtu. Akasema hata stima ya jikoni niliahidi haipigi.

Kisha nimejaribu kupitisha fimbo yenye ndoana dirishani, nimefumba macho nisione kitanda. Nimeangusha Biblia ya Mama na miwani yake. Nimemfokea Moraa bure. Nimeomba msamaha.

Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda chake, anaona yote. Huniita tata, yaani baba, kwa sababu nimebeba jina la baba yake. Akasema polepole, "Tata, wacha tu. Nitafuata mahubiri kwenye redio."

Nimeumia. Afadhali angenigombeza.

Ijumaa, 8 Agosti
Siku ya maandalio ya Sabato. Asubuhi mapema nimefika Nyamira mjini, nimenunua waya wa nyuzi nyingi, ule laini wa magari. Nimerudi bila kujua nani ataunga.

Mama alikuwa anaswaki. Nikamweleza shida yote, kwamba ni mambo ya ndani. Akasuuza mdomo, akanyoosha mkono.

"Nipe hiyo bisibisi. Chumba si changu?"

Akaingia, akakaa kitandani. Mimi nje, nimegeuzia mlango mgongo, nasukuma waya kwenye tundu. Nikamwambia nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi, na hizo mbili zisigusane kamwe. Akaniuliza mara ngapi nitarudia. Nilisikia anahema, halafu anamwomba Mungu, halafu anaitukana skrubu kwa Kigusii. Yote kwa sauti moja.

Kwenye bawaba safari hii nimeuacha waya ulegee, umejikunja ndani ya kipande cha mpira wa maji, unacheza mlango ukipanda na kushuka. Unaning'inia. Na uning'inie.

Taa ikawaka. Mama alibonyeza swichi ikazima, akabonyeza ikawaka.

Jirani ametuvuta na pikapu yake. Tumefika na jua bado lipo. Naacha kuandika, Sabato inakaribia.

Jumapili, 10 Agosti
Tumerudi. Nimechoka vizuri.

Jana kabla ya mapambazuko nilitoka kwenye hema la wanaume nikaona taa yetu kutoka mbali. Mlango umenyanyuliwa, Mama amesimama chini yake na mkongojo, anamimina uji aliopika Ijumaa kabla ya Sabato akautia kwenye chupa za chai. Watu wamepanga foleni na vikombe. Alikuwa anaangalia miguu yake na kutabasamu. Nilirudi hemani nikalia kidogo, sijamwambia mtu.

Leo lile geti linaningoja, na bisibisi yangu siioni. Nimemtuma Moraa trelani. Amerudi mikono mitupu. Mama anasema itakaa pale kando ya mto, maana fundi wa ndani ni yeye.

Nitanunua nyingine kesho Kebirigo.