Shungi la Antoinette

Albert Park, Durban

Kwa Yaya Gustave, kaka yangu mkubwa,

Salamu. Natumaini huko Pinetown mmeamka salama, watoto hawajambo na mgongo wako umepoa. Mimi ni mzima. Nakujulia hali kwa kuwa ndivyo tulivyolelewa, si kwa kuwa moyo unataka. Haya ungeyasikia kwa simu, ila ulinifungia namba tangu tulipogombana kwenye matanga ya dada yetu Antoinette.

Nianzie saluni. Unajua tunasuka huku redio ya Kifaransa ikiongea. Mchana mmoja walisimulia habari za Hélène Jégado, mpishi wa zamani wa kule Bretagne. Nyumba baada ya nyumba alizoingia, watu walitapika wakafa, na wengine wakadhani ni kipindupindu. Mwenyewe ndiye aliyewauguza na kuwapikia supu. Kilichomnasa ni kemia: maiti zilifukuliwa, zikapimwa, ikaonekana arseniki. Wakaongeza kwamba siku hizi hata unywele unatosha, maana sumu ile huingia humo ikakaa.

Kitana kilinidondoka. Nilimwona Ezéchiel, shemeji yetu, kando ya kitanda cha Antoinette, akimlisha uji kwa kijiko na kukataza mtu mwingine asimpikie. Nikakumbuka dada akilia kwamba nyayo zinawaka moto. Nikamkumbuka na Libérate, mke wa kwanza wa Ezéchiel, aliyekufa kwa kutapika kule Bujumbura, naye tukaambiwa ni tumbo tu.

Nilikuja kwako. Uliniambia mbele ya mkeo kwamba nina wivu, kwamba mwanamke asiye na mume huona shetani katika ndoa za wenzake, na kwamba Ezéchiel ni mzee wa kanisa. Nikaenda polisi. Rhoda, yule mpelelezi, alipokuomba idhini ya kufukua kaburi, ulimjibu kuwa Mkristo akishalala hasumbuliwi. Kisha ukamtoa Tina, mdogo wetu, achumbiwe na mwanamume yuleyule! Eish, Yaya. Nguo za Antoinette zilikuwa bado zimetundikwa kabatini.

Sasa sikia usiyoyajua. Siku tulipomwosha dada, nilimkata shungi la nywele nikaliweka kwa ukumbusho. Nilimpa Rhoda. Maabara ilikuta arseniki, nyingi zaidi karibu na shina, kumaanisha alilishwa zaidi kadiri alivyokaribia kufa. Hakimu akaamuru kaburi lifukuliwe bila ridhaa yako. Katika ndugu, ni mimi peke yangu niliyesimama pale. Mwili nao ulikutwa na sumu ileile.

Polisi walipekua gereji ya Ezéchiel wakakuta kopo la poda ya zamani ya josho la ng'ombe, yenye arseniki, aliyoitoa kwenye shamba moja alikokuwa kibarua. Walimkamata Jumapili mlangoni mwa kanisa, Biblia mkononi. Alinitazama kwa upole wake ule unaoupenda, akasema, "Marcelline, Mungu akusamehe."

Nikamwambia, "Mimi sijamwomba msamaha. Omba wewe."

Lakini hilo silo lililonishikisha kalamu. Kila Jumapili ulimtuma Tina akale kwa mchumba wake, wazoeane. Kila Jumatatu alinijia saluni kajishika tumbo, akisema labda ni samaki. Nilimfumua rasta nikamweleza ninachokiogopa. Alinitukana kwa maneno yako, neno kwa neno. Kisha akainamisha kichwa, akaniambia kata.

Maabara wamezipima, Yaya. Arseniki imo katika nywele za Tina pia.

Amelazwa. Daktari anasema ataishi, ila vidole vya miguu bado havisikii kitu, hata akichomwa sindano. Ameomba usije. Nami nimewaachia wauguzi picha yako, wakujue ukifika mlangoni.

Rhoda atakuja kuchukua maelezo yako. Usimwambie habari za wivu wangu. Mwambie nani aliyemketisha mtoto yule kwenye meza ile.

Msalimu mkeo, na wanao wabusu kwa niaba yangu, wao hawana hatia. Mama nimempigia huko Uvira. Alilia, kisha akauliza ni nani aliyemtoa Tina kwa mtu yule. Nilimtajia jina lako. Alikata simu, na tangu hapo hajauliza habari zako.

Dada yako kwa damu tu,
Marcelline