Zawadi ya Mume Wangu Itamziba DJ Sikio Lililobaki

Mshauri mpendwa, nakuomba msaada kabla sijapasuka, maana nina jambo kifuani ambalo siwezi kumwambia mume wangu, na mume wangu ndiye mtu ambaye huwa namwambia kila kitu, hata nikiunguza shati la mteja yeye ndiye wa kwanza kujua. Mimi ni dobi, napiga pasi kwenye duka la kufulia nguo, mume wangu ni seremala, tuna watoto pacha, na tangu tuoane majirani hawajawahi kusikia ugomvi kwetu isipokuwa wa rimoti.

Sisi wawili tulikutana kwenye muziki. Kuna DJ mmoja hapa kwetu, tumwite Utelezi, anapiga transi, ule muziki wa mashine unaokwenda mrefu bila kusimama, wimbo mmoja unaingia ndani ya mwingine hata hujui wa kwanza uliishia wapi, na zamani transi yake ilikuwa na melodi, mshauri, kinanda kinapanda taratibu, kinapanda, unajikuta unalia na hujui unalilia nini. Siku moja nililia hivyo ukumbini na kijana aliyekuwa pembeni yangu akanipa leso yake, ndiye huyu mume wangu. Baadaye Utelezi akabadilika, sijui nani alimdanganya, akaanza kupiga midundo mitupu, migumu, kama mtu anabomoa ukuta, melodi hakuna, na vijana wanampigia kelele ongeza, ongeza, naye anaongeza. Sisi wa zamani tuliumia. Tukaanzisha kikundi cha mashabiki, mume wangu mwenyekiti, mimi katibu, na kazi yetu kubwa ikawa kumwandikia tukimsihi arudi kwenye melodi, miaka nenda miaka rudi, na yeye hajibu.

Basi mwaka huu akarudi. Hakutangaza, hakusema lolote, alipanda tu jukwaani akapiga ule wimbo wa siku ya leso, watu wazima wakaanza kukumbatiana na watu wasiowajua. Mume wangu, mtu ambaye hujigonga kidole kwa nyundo asiseme hata aa, alilia mpaka nikaona aibu kwa niaba yake. Tukiwa njiani kurudi akaniambia, "Mama Pacha, ametusikia. Miaka yote ile alikuwa anatusikia." Uyakumbuke maneno hayo, mshauri, maana ndiyo yananinyima raha.

Kikundi kikaamua tumpelekee shukrani nyumbani kwake, shati jeupe ambalo kila mwanachama ameshona jina lake kwa uzi, na nikachaguliwa mimi kulipeleka kwa kuwa ndimi ninayeweza kulipiga pasi bila kuharibu nyuzi. Nikaenda mchana, siku yangu ya mapumziko. Dada yake akanifungulia, akaniambia pita tu, yuko chumba cha nyuma, lakini hakikisha anakuona kwanza. Sikumwelewa. Nikaingia nikamkuta amekaa amenipa mgongo, pekupeku, nyayo zake ameziweka juu ya boksi la spika lililolazwa sakafuni, na muziki wenyewe uko chini kiasi kwamba mimi pale mlangoni niliusikia kwa taabu. Nikabisha hodi, kimya. Nikasema habari za mchana, kimya. Nikasema kaka, natoka kwa mashabiki wako, tumekuletea shukrani, nikaanza hotuba niliyokaririshwa na mume wangu, nikaitoa yote mpaka pale pa "kwa niaba ya mwenyekiti", na mtu hajageuza hata shingo. Moyoni nikasema kumbe ndivyo alivyo, watu tunamlilia na yeye hana hata adabu ya kugeuka. Kwa hasira nikaenda nikamtupia lile shati mapajani, akaruka kama aliyemwagiwa maji ya baridi, na uso alionigeuzia haukuwa wa kuringa, ulikuwa wa woga.

Akanitazama midomo. Halafu akanishika bega kwa upole akanihamisha, akasema, "Samahani, dada. Simama huku kulia. Kushoto hakuna mtu."

Mshauri, sikio la kushoto limekufa kabisa, na la kulia limebaki kidogo tu. Ile midundo ya kubomoa ukuta ndiyo iliyoyala masikio yake, miaka yote ile amesimama katikati ya spika watu wakimwambia ongeza. Daktari amemwonya kwamba kishindo kimoja kikubwa cha karibu kinaweza kulimaliza na hilo lililobaki, na ndiyo sababu siku hizi anaagiza spika zote ziwekwe mbali naye, zitazame watu. Nikamuuliza sasa unapigaje. Akasema, "Nyimbo mpya siwezi tena, sisikii ninachofanya. Za zamani ziko vidoleni. Nazisikia humu ndani," akajigusa paji la uso, "na mdundo nauokota kwa nyayo."

Nilikaa kwenye kiti bila kukaribishwa. Yaani hakuturudia sisi. Nikamuuliza kuhusu barua zetu, akaona haya kidogo, akasema dada yake anazo kabatini, hakuwahi kuzisoma. Nikamwambia lakini watu wote wanasema umewasikia. Akacheka. Akasema, "Waache waseme hivyo, ni vizuri." Kisha akaniapisha nisimwambie mtu, hata huyo mwenyekiti wangu, kwa sababu wakijua watakuja kumhurumia, na mtu hawezi kuucheza muziki wako huku anakuonea huruma. Nikaapa. Nilikuwa nimeshtuka kiasi kwamba angeniambia niape kuhama nyumba ningeapa.

Sasa nisikilize. Narudi nyumbani, nakuta karakana ya mume wangu imejaa maboksi ya mbao mapya, makubwa, na yeye ananiita kwa kidole kama mtoto aliyeficha kitu, ananiambia hii ni zawadi yangu binafsi, wanachama hawajui, ni mimi na wewe na mwenye ukumbi tu. Jumamosi ya wiki ijayo Utelezi ana onyesho kubwa kwenye ghala la zamani lililogeuzwa ukumbi. Akishamaliza wimbo wa mwisho, akishavua vile vidude vya masikioni anavyovaa akipiga muziki, pazia lililo nyuma yake litafunguka, na nyuma ya pazia utakuwepo ukuta wa spika ndani ya maboksi hayo aliyoyatengeneza kwa mikono yake, karibu kabisa na mgongo wa DJ, na zote kwa pamoja zitapiga ule wimbo wa siku ya leso kwa sauti ya mwisho. "Nataka imwingie mpaka kwenye mifupa," ananiambia huku anapiga msasa, na anatabasamu vile alivyotabasamu siku ya harusi yetu.

Baada ya siku chache nikamuuliza, kwani lazima iwe kubwa hivyo? Akasema, "Sasa tumshukuru kwa kunong'ona?" Nikasema basi ziwekwe kule mbele. Akaweka msasa chini akaniangalia. "Tangu uende kwa huyo mtu umebadilika. Nikitaja jina lake unashtuka. Kuna nini?" Nikasema hakuna kitu. Akasema, "Mama Pacha, mimi ni mumeo. Kuna kitu." Tangu hapo analala akitazama ukuta, na akitaka kuongea nami anapitia kwa watoto, mwambieni mama chumvi imezidi, na mimi najua kabisa anachokifikiria, anafikiri nimempenda yule mwanamume.

Nikisema, nimevunja kiapo cha mtu aliyeniamini. Nikinyamaza, sikio la mtu linakwenda, na linakwenda kwa mikono ya mume wangu, ambaye hawezi hata kuua mende, na siku akijua alichofanya atajua pia kwamba nilikuwa najua. Mshauri, nifanye nini? Na tafadhali sana ficha majina, kwa maana mume wangu husoma ukurasa wako kila Ijumaa asubuhi, kwa sauti, tukiwa mezani, na hucheka matatizo ya watu.

Ni mimi,
Katibu Niliyeapishwa

MSHAURI ANAJIBU

Pole, Katibu. Barua yako nilianza kuisoma nimesimama, nikakaa, nikaanza upya. Nimeletewa mengi kwenye ukurasa huu, wake waliofichwa, wakwe wasiotaka kuondoka, mabwana harusi waliotorokea dirishani, lakini sijawahi kuletewa mtu anayekaribia kuharibiwa sikio na watu wanaompenda hivi. Nimeshtuka, nakiri. Chai yangu ilipoa.

Haya, pole imekwisha, sasa tuongee.

Wewe mama umechukua siri mbili ukazitia kwenye mfuko mmoja, ukafunga fundo, kisha unalia kwamba mfuko ni mzito. Ugonjwa wa DJ ni siri ya DJ. Hiyo uliiapia. Ukuta wa spika ni siri ya mumeo, na hiyo hukumwapia yeyote. Sasa niambie, ni nani aliyekukataza kwenda kwa Utelezi kumwambia kwamba nyuma ya pazia kuna spika? Hakuna. Umekaa siku zote hizi unapiga pasi na kujipiga kifua wakati mwenye sikio yuko hai, ana akili zake, na anaweza kujiamulia mwenyewe. Nenda. Simama kulia kwake. Mwambie lile pazia lina nini na liko karibu naye kiasi gani. Halafu mwambie na hili kutoka kwangu: hakufanya haki kumwapisha mgeni aliyemletea shati, akamwacha aende nyumbani na mzigo ule. Aseme yeye nani aambiwe na nani asiambiwe. Naamini atakubali mumeo ajue. Akikataa, na pazia lile bado lipo, basi mwambie uso kwa uso kwamba utavunja kiapo, kisha kivunje. Lawama itapoa. Sikio likishakufa halirudi.

Kuna jambo jingine umelificha katikati ya barua, nami nimeliona. Umeumia kwamba hakurudi kwa ajili yenu. Barua zenu ziko kabatini, hazijafunguliwa, na mlishajiambia kwamba amewasikia. Hebu acheni utoto. Mtu huyu sauti zimemtoka moja baada ya nyingine, zile za vishindo, zile za ongeza ongeza, zote zimekwenda zake. Zilizobaki kichwani mwake, ambazo hakuna daktari wala kelele inayoweza kumnyang'anya, ni zile zile mlizozililia. Mlitaka nini zaidi ya hapo?

Majina nimeyaficha, na mambo mengine nimeyageuza, hata wanachama wenu hawatajitambua humu, ila mumeo atayajua maboksi yake. Lakini usinichezee, mama. Mwanamke anayeogopa kusema, kisha akaandika kwenye ukurasa ambao mumewe huusoma kwa sauti mezani, anajua vizuri anachokifanya. Sikulaumu, ila gazeti halitakufanyia kazi yako. Jibu hili nimekutumia kwa simu Jumanne, na gazeti linatoka Ijumaa. Hapo katikati ni pako. Ukienda kwa DJ, kisha ukaongea na mumeo, Ijumaa atasoma habari anayoijua. Ukiendelea kukunja nguo za watu na kunyamaza, ataisoma hapa, mbele ya watoto, na utakuwa umejitakia.

Na wewe, fundi, unayesoma kwa sauti. Najua hapo umeacha kucheka. Mkeo hajampenda mtu. Mkeo amebeba jambo ambalo lingekuvunja moyo, amelibeba peke yake huku wewe unamsemesha chumvi kupitia kwa watoto. Utamwomba radhi, na utamwomba kwa mdomo wako, usiwatume pacha.

Maboksi yako usiyachome moto. Yavunje, uzichukue mbao hizo hizo, umtengenezee Utelezi jukwaa dogo la kusimama juu yake, liwe wazi kwa chini, lipigiliwe barabara kwenye sakafu ya ghala ili mtikisiko upite. Wewe ni seremala, unajua zaidi yangu. Asimame hapo pekupeku. Mashabiki usiwaeleze chochote, waambie tu mwenyekiti ameleta mtindo mpya: wimbo wa mwisho ukiisha hakuna kupiga mluzi, hakuna honi, hakuna mtu kupaza sauti. Watu wote wavue viatu, wapige miguu sakafuni, taratibu, kwa pamoja, mdundo wa ule wimbo wa siku ya leso. Itampandia kwenye nyayo. Hatahitaji kugeuka wala kusoma midomo ya mtu, atajua kwamba ni nyinyi.

Sasa kunja gazeti, umtazame mkeo. Chai yake nayo imepoa.