Violoni na Koo la Mama Florentine

Jumatatu, 23 Julai 1956. Baraka.
Padri Mkuu ameniita tena. Neno ni lile lile: violoni. Amesikia kwamba nilipiga kule kijijini Swima pamoja na ngoma za wavuvi. Nikajibu ndiyo, nilipiga, na nilikosea mahali pawili tu. Hakucheka. Akasema chombo ni cha misioni, muhuri uko ndani ya tumbo lake, na marehemu Bruda Alphonse alinikabidhi nikipige kanisani. Nikikipiga tena na "wapagani", sikukuu ya Bikira Maria kitarudi kabatini. Wapagani! Nusu yao nimewafundisha katekisimu mimi mwenyewe. Na kabati lile lina mchwa.

Nyumbani mke wangu Marthe akaniuliza: "Ba Eugène, bakikunyanganya violoni utapiga nini? Sufuria?"

Nitapiga sufuria. Kesho navuka ziwa kwenda Ubwari, nikapige na wanamuziki wa huko.

Jumatano, 25 Julai. Ubwari.
Mawimbi yalinitapisha, lakini sanduku la violoni halikulowa. Mwenyeji wangu ni Norbert Mutambo, mpiga nanga. Nanga — nijieleze mwenyewe, maana kueleza ndiyo kazi niliyozoea — ni ubao uliochimbwa kama mtumbwi mdogo, na uzi mmoja mrefu umepitishwa juu yake, unakwenda na kurudi. Unaulaza mapajani. Sauti yake ni ndogo. Watu wanalazimika kunyamaza, na hilo nimelipenda.

Watoto wakaiita violoni nanga ya Bazungu. Norbert akakataa: "Hapana. Hii iko nanga ya kukata na musumeno." Nikacheka hata mimi.

Ijumaa, 27 Julai.
Leo nimeharibu.

Wanawake waliokuwa wakianika ndagala, dagaa wa ziwani, mchangani walikubali kutuimbia. Anayeanzisha nyimbo ni Mama Florentine, mzee kuliko mimi, mwembamba, macho makali. Kabla hajafungua mdomo nikatoa diapazoni yangu, kile chuma cha kutoa noti ya la ya kupatanishia vyombo, nikakigonga gotini. Nikamwomba Norbert akaze uzi mpaka ulingane nacho. Alinitazama kidogo. Kisha akakaza.

Mama Florentine akaanza, akapanda — sauti ikamkatikia. Akajaribu tena. Ikakatika tena. Wanawake wakarudi kwenye ndagala zao. Afadhali wangenizomea!

Baadaye Norbert akanieleza. Hapa uzi haukazwi mpaka mwenye wimbo aimbe mstari mmoja peke yake, kisha anyamaze. Ndipo nanga inamfuata pale pale alipo leo. Ana mafua? Uzi unashuka. Amefurahi? Unapanda. "We umemupandisha mama muzee kwa muti, Mwalimu, na ngazi hakuna."

Nikamuuliza kwa nini hakunikatalia. Akasema mgeni hakatazwi mbele ya bamama.

Jumapili, 29 Julai.
Nimemwomba Mama Florentine radhi. "Mutoto wangu," akasema — mimi, mwenye mvi kichwa kizima! — "weka ile chuma yako mu mufuko."

Nikaiweka. Akaimba mstari mmoja, akanyamaza. Norbert akalegeza uzi, nami nikalegeza zangu. Sijawahi kuzishusha hivyo. Niliona kama ninamvua mtu nguo hadharani. Kisha tukapiga. Wimbo ni wa kufukuza kunguru wasile ndagala. Nimeutafuta upagani ndani yake kwa makini. Sijauona, isipokuwa labda kwa kunguru.

Harmoniamu, kinanda cha kanisani kwetu, haiwezi jambo hili. Sauti zake zilifungwa kiwandani, Ulaya, kabla ya yeyote kutuuliza. Inatupandisha, tunapiga makelele, halafu tunaambiwa hatujui kuimba. Sasa nimeelewa, na sitajifanya sijaelewa.

Jumatatu, 6 Agosti. Nundu.
Nimefika mpaka huku kuwasikia wapiga nanga wengine, nikakutana na Sebasaza, mchungaji wa ng'ombe aliyeshuka kutoka milimani. Naye ana nanga, ila kwao uzi unafuata koo la mpigaji mwenyewe. Tumebishana mpaka chakula kikapoa. Akasema watu wa ziwani huimba kama wanaoita mtumbwi uliokwisha kuondoka. Nikamwambia wa milimani huimba kama wanaogopa kumwamsha ng'ombe. Akacheka sana, akaniongezea maziwa.

Amenionya: habari zangu zimenitangulia Baraka. Vizuri. Zinipangie mahali.

Jumapili, 12 Agosti. Baraka.
Nilimwendea Padri kabla hajaniita. Nikamwambia nilikokwenda na niliopiga nao. Nikamwambia pia kwamba nimemwalika Norbert na Mama Florentine sikukuuni, tupige uani baada ya Misa.

Akajibu kwamba hata ua ni wa misioni. Waimbe, sawa, lakini kwa harmoniamu. Nikipatanisha violoni na harmoniamu, inabaki kwangu. Nikiilegeza, niiweke mkononi mwake hapo hapo. Alisema kwa upole. Si mtu mbaya, na ndiyo maana ni vigumu kumchukia.

Nikasema: nimekusikia, Padri. Sikusema nimekubali.

Marthe amelipiga pasi shati langu jeupe.

Jumatano, 15 Agosti.
Naandika juu ya goti, kwenye benchi la uani. Misa imekwisha. Ndani nilipiga na harmoniamu, safi kabisa, asije mtu akasema sijui. Padri akaniitikia kwa kichwa, ameridhika.

Sasa harmoniamu imetolewa barazani. Nicolas, katekista wetu, anabonyeza la ili nijipatanishe. Ananitazama, maskini. Kanyagio linalia kuliko sauti yenyewe.

Mama Florentine amefika na Norbert. Upepo wa ziwani umemkausha koo. Anakunywa maji. Ananiuliza kwa sauti, watu wote wanasikia: "Mutoto wangu, ile chuma iko wapi?" Mfukoni, Mama.

La. La tena.

Marthe amekaa mstari wa mbele. Amekuja na sufuria! Ameiweka miguuni, ananiangalia bila kutabasamu.

Mama Florentine amesimama. Ameimba mstari wake. Amenyamaza. Uko chini leo, chini kuliko siku ile ya Ubwari. Norbert anashika uzi wake, ananisubiri.

Padri anashuka ngazi za baraza. Mkono ameshaunyoosha.

Naweka kalamu chini, nilegeze nyuzi —