Ukoko kwenye Sahani Nyeupe

Mama Neema,

Jana tulikula chakula cha uchumba wa Neema. Nakueleza leo, kama zamani nilipokuwa nikikungoja utoke zamu nikueleze ya kutwa, nawe ukinisikiliza huku miguu umeitumbukiza kwenye beseni la maji moto.

Familia ya Mateo ilichagua mgahawa wa vyakula vya kwao, Amerika ya Kilatini, katikati ya jiji, wa kifahari. Nilivaa ile suti ya kijivu uliyoninunulia. Imenipwaya. Neema aliibana kwa pini mgongoni, akaniambia nisivue koti hata nikisikia joto.

Mateo unamkumbuka. Ndiye aliyekuletea machungwa hospitalini, na alipotoka ukaninong'oneza, "Ana adabu huyu, lakini anamenya chungwa kama anachuna mbuzi."

Tangu ulipotuacha, Neema ameniuliza zaidi ya mara moja waoane lini. Namjibu, "Tungoje kidogo, mwanangu." Hajaniuliza tungoje nini. Wewe ungeniuliza, nami ningekwambia: akiondoka, kwenye hii nyumba ya Wembley nitabaki mimi na koti lako lililoning'inia nyuma ya mlango. Nimechoka, Mama Neema. Uchovu wa kazi naujua, ukilala unaondoka. Huu naamka nao.

Basi jana ndiyo ilikuwa siku ya kunisikia. Mama yake Mateo alikwishasema ya upande wao. Neema alikuwa amewaeleza kwamba kwetu baba wa binti asipotamka, siku ya harusi haipo. Wote walijua wanachongoja, na hakuna aliyenihimiza.

Pazuri pale. Vitambaa vyeupe mezani, taa za shaba, mhudumu anakuongezea maji kabla hujayamaliza yaliyopo. Walileta samaki mbichi aliyeivishwa kwa ndimu. Nilimla, si mbaya, ila wewe ungemrudisha jikoni. Kisha ukaja wali, maharage na nyama, na pembeni, kwenye sahani yake peke yake kama kitu cha thamani, ukoko.

Ukoko, Mama Neema. Wa kahawia, unang'aa mafuta.

"Kwetu huu tunaugombea," mama yake Mateo alisema, kwa Kiingereza cha kuungaunga kama changu. Akaisogeza sahani mbele ya Neema. "Bibi harusi kwanza."

Neema alinyoosha mkono, akaurudisha. Akanitazama. Huyu ambaye ukimsemesha Kiswahili anakujibu kwa Kiingereza, alisema kwa Kiswahili, "Baba, mvua."

"Mvua gani?" Mateo akauliza.

Nikawaeleza. Kwetu msichana akila ukoko, siku ya harusi yake itanyesha. Nikawapa na ushahidi: harusi yetu kule Muheza, turubai linavuja, pilau imeingia maji, shangazi yako kajifunika sinia kichwani anakufokea, "Si tulikukataza, mla ukoko wewe!" Nawe umeshika gauni lililojaa tope, unamjibu, "Shangazi, mume si nimempata? Acha inyeshe."

Walicheka sana. Mengine sikuwaambia. Sikuwaambia jinsi kijiko chako kilivyokuwa kikikwangua sufuria hapa nyumbani, nami sebuleni nikajua chakula kimekwisha. Neema akija mbio unamwambia, "Usiguse, utanyeshewa," halafu unautafuna wewe, umesimama kwenye sinki, naye analia kwamba umemdhulumu. Kipande kimoja ulikuwa ukinifunikia. Mimi nilikwishaoa, ulisema, sina cha kunyeshewa. Siku hizi napika wali mdogo, nikimaliza naloweka sufuria. Ukoko unalainika, naumwaga.

Kicheko kikaisha. Sahani ilikuwa bado mbele ya Neema, na mikono yake ameiweka mapajani, kama alivyokuwa akikaa utotoni akitaka kitu na hataki kuomba. Nikamwona amekonda. Nilikuwa sijamtazama muda mrefu, nikidhani msiba ni wangu.

Nikamega kipande kikubwa, nikamwekea kwenye sahani yake.

"Kula, mwanangu," nikasema. "Mwezi wa tisa. Ikinyesha na inyeshe."

Alikitia chote mdomoni. Kililia kwenye meno yake mpaka watu wa meza ya jirani wakageuka, na machozi yanamtoka. Mama yake Mateo akauliza nimesema nini. Neema, mdomo umejaa, hakuweza kumjibu. Akamwonyesha vidole tisa.

Kipande kilichobaki nilikifunga kwenye karatasi ya kufutia mikono, nikakitia mfukoni. Leo asubuhi nimekila nimesimama kwenye sinki, mahali pako. Kilikuwa kimelainika kidogo. Nimekimaliza.

Uchovu haujaondoka, nisikudanganye. Harusi ikipita nyumba itakuwa kimya, na sijui nitakizoeaje kimya hicho. Lakini koti lako nimelishusha nyuma ya mlango, nimelipiga brashi, nimelitundika kabatini kwa Neema. Siku hiyo alivae juu ya gauni. Mtoto umemnyima ukoko miaka yote ile, walau umkinge mvua.

Pumzika, mama. Nami nimechemsha maji, naweka miguu yangu kwenye beseni lako.

Mumeo,
Baba Neema