Siku Sitini Hazisubiri Ashadham

Shangazi Annapurna, shikamoo. Nakuandikia nikiwa ndani ya gari nje ya hekalu letu hapa Irving, maana ndiko ninakokuja kila asubuhi tangu kampuni ituachishe kazi watu mia mbili, na leo ni siku ya arobaini na moja, na sheria inanipa sitini tu nipate mwajiri mwingine wa kuniombea viza, la sivyo tufungashe virago mimi, mke wangu Madhulika na binti yetu Hasini, aliyezaliwa kwetu Guntur lakini Kitelugu chenyewe, lugha yetu, anakiongea kwa kusukumwa. Madhulika hajui. Ananifungia wali wa mtindi, namuaga naenda kazini, naula humu garini. Ombi letu la kadi ya kijani, yaani ukaazi wa kudumu, lilishakubaliwa zamani, kilichobaki ni foleni, nasi tumo kwenye foleni tangu 2014, sasa kuna kampuni ndogo ya Tulsa inanitaka, nami nahofia nikienda kwao nitarudi mkiani, tena tumo katika Ashadham, na mama yangu alinilea nikijua mwezi huu mtu haanzi jambo jipya, hata harusi haifungwi, basi nimewaambia Tulsa wasubiri siku ishirini na mbili mwezi uishe. Nimekosea?

Ni mimi, mla wali garini

Mwanangu, majina yenu nimeyabadilisha humu gazetini ili msije mkasemwa hekaluni. Pole sana. Mume wangu naye alisubiri foleni hiyo miaka kumi na miwili, kwa hiyo najua hofu unayolala nayo.

Lakini umekosea, tena vibaya. Tarehe yako ya foleni ni yako, si ya kampuni iliyokufukuza. Kwa kuwa ombi lilishakubaliwa, Tulsa wataanza makaratasi upya, ndiyo, ila wewe utabaki palepale pa 2014. Mwanasheria wa uhamiaji angekueleza hayo kwa dakika kumi, wewe umeegesha gari siku arobaini na moja.

Na Ashadham naiheshimu, mimi mwenyewe harusi yangu iliahirishwa kwa ajili yake. Ila ofisi ya uhamiaji haina kalenda yetu ukutani. Zimekubakia siku kumi na tisa, wewe unangoja ishirini na mbili. Yaani unakimbia mkosi kwa kujipeleka mlangoni kwake! Wapigie Tulsa leo, waambie ombi la viza lifike kabla ya siku ya sitini, na usiwaache waamini kuwa una muda. Moyo ukisita, si uko nje ya hekalu? Ingia, vunja nazi ya kuondoa mkosi, kisha weka saini. Kesho asubuhi uwe kwa mwanasheria na karatasi zako zote.

Limebaki la mkeo. Wiki mbili kabla ya barua yako nilipata nyingine, ya mama mmoja wa hapahapa. Sanduku la kurudishia kompyuta ya kazi lililetwa nyumbani mume hayupo, akalipokea yeye, akasoma juu yake kwamba ni la walioachishwa kazi, akaliacha mlangoni kana kwamba hajaliona ili asimwaibishe. Kila asubuhi humfungia mumewe wali wa mtindi, humsindikiza hadi mlangoni, kisha hurudi ndani akalia.

Aliniuliza aendelee kuufunga wali huo mpaka lini. Nimemjibu: mpaka leo.