Tulivyolala Mbele ya Depo ya Jafari

Depo ya Jafari,
Zone ya Makiso, Kisangani,
Tarehe 14 Julai 1984.

Mpendwa Tonton Jérôme,

Nakusalimu kutoka huku kwenye joto. Natumaini mgongo umekupa nafasi ya kupumua, na kwamba Mama Sophie ameachana na kile kikohozi. Maharagwe ya mlimani mmekwisha kuvuna? Mvua je? Mimi na mume wangu Mumbere tu wazima, isipokuwa mbu wa huku wamenigeuza chakula.

Habari nilizo nazo ni njema, usihofu. Niache tu nizieleze tangu mwanzo, maana tuliondoka Butembo kumpeleka Papa kwa daktari wa macho ukiwa umekasirika. Ulisema tunakwenda kumlaza kaka yako barabarani kama gunia la vitunguu, wakati tuna ndugu wenye nyumba pale Mangobo, hapa hapa Kisangani. Sikukujibu siku ile kwa sababu Papa alikuwa amesimama karibu. Sasa nikujibu.

Papa mwenyewe ndiye aliyekataa nyumba. Ndani ya kamioneti yetu anajua kila kitu kwa mkono: kitanda alichokipiga Mumbere nyuma ya viti, msumari wa kofia, dumu la maji, mlango unaofungwa kwa kamba. Katika nyumba ngeni anapapasa kuta na watu wanamtazama. Aliniambia, "Kasoki, ndani ya motokari miye ni mutu. Kwa nyumba ya watu miye ni kipofu tu." Ndiyo maana, Tonton.

Njia ilitutesa, hasa kati ya Nia-Nia na Bafwasende, ambako malori yalikuwa yamezama kwenye matope hadi milangoni. Lakini tulifika. Tulipofika Makiso jioni tulikuwa tumechoka kabisa, tukasimama mbele ya duka moja kubwa karibu na bandari. Kiwanja kilikuwa kitupu, duka limefungwa. Nikawasha jiko la babula nipike, nikatundika nguo za Papa kwenye vyuma vya mlango. Mwenye duka akatokea. Alipiga kelele mpaka watu wakajaa. Alituita wazururaji, akamwaga maji kwenye makaa yangu, na Papa alikuwa amekwisha kuvua viatu.

Tulipoondoka pale, Papa alisema kwa sauti ndogo, "Turudi Butembo. Nimewachosha." Mumbere aliendesha tu. Mimi nililia bila kutoa sauti, nikidhani Papa hatajua. Alijua.

Mtaa wa pili tuliona depo ya chumvi na sabuni yenye malori kadhaa yamejipanga vizuri ubavuni. Safari hii Mumbere alizima injini barabarani, akatuacha humo, akaingia dukani kofia mkononi. Alisalimu, akanunua sabuni, ndipo akaomba. Mwenye depo anaitwa Jafari, mtu wa Kasongo, Maniema. Alitoka mwenyewe kuja kuona ni nani yumo ndani. Alimsalimu Papa kupitia dirishani.

"Papa, macho iko na nini?"

"Giza, mutoto yangu. Kesho naenda kwa munganga."

Jafari akaonyesha ubavuni mwa depo. "Bon. Mulale hapa. Siku mbili, tatu, haina shida. Mulango ya depo tu musiizibe, na moto iwe mbali na mafuta."

Hivyo ndivyo tulivyojifunza, Tonton, na wewe ukileta vitunguu vyako huku usije ukafanya kama tulivyofanya sisi. Unaomba kabla ya kuzima taa. Unasimama pale unapoonyeshwa, hata kama kivuli kizuri kiko kwingine. Hutandazi vitu nje kana kwamba umenunua kiwanja. Unanunua kitu kwa huyo aliyekupokea, hata kama ni kiberiti. Ukipita karibu na motokari ya mwenzako unageuza uso, kwa sababu pazia lile ndilo ukuta wake. Na siku uliyosema utaondoka, unaondoka.

Mkifuata hayo, ni pahali pazuri kuliko nyumba nyingi. Kuna mlinzi wa zamu, mzee Lukumani, anayezunguka na fimbo yake. Kuna bomba la maji. Madereva wa Isiro na Buta wanakuambia daraja gani limevunjika na lipi limetengenezwa. Mke wa dereva mmoja alinifundisha kuponda lituma ya ndizi, na sisi tukampa maharagwe yetu. Papa, ambaye nyumbani alikuwa hatoki chumbani, alikuwa anakaa kwenye ngazi ya kamioneti akibishana na madereva juu ya bei ya mafuta.

Kule hospitalini Papa alipasuliwa jicho la kulia. Vitanda vilikuwa vimejaa, kwa hiyo daktari alikubali apumzike kwenye kamioneti yetu, lakini alinionya vikali: alale chali, asiiname, asitikisike hata kidogo mpaka kitambaa cha jicho kitolewe. Akitikisika, kazi yote itaharibika.

Hapo ndipo nilipoanza kuogopa. Siku tulizoomba zilikuwa zimekwisha, na Mumbere aliona haya kuomba nyingine. Kila mara alikuwa anaenda hadi mlango wa duka, anarudi. Kisha meli ikafika kutoka Kinshasa na chumvi ya Jafari. Lukumani akaja mbio.

"Mutoke hapa! Malori inakuja kushusha, pale pale muko!"

Unaijua injini ile, Tonton. Ikiwaka, hata vikombe vinacheza. Mumbere alikaa kwenye usukani, funguo mkononi. Jafari akatoka dukani anapiga makofi.

"Wacha! Toa hiyo funguo. Hakuna kuwasha."

Aliita wapakuzi wake wote. Wengine walishika nyuma wakisukuma, wengine mbele wakizuia. Lukumani alitangulia akiokota mawe njiani. Wanaume wale, ambao kutwa nzima hupiga kelele, hakuna aliyefungua mdomo, isipokuwa Jafari: "Polepole. Papa iko ndani." Mimi nilikuwa nimepiga magoti, kichwa cha Papa kati ya viganja vyangu. Malori yalisubiri barabarani na hakuna aliyepiga honi. Walituingiza chini ya paa la depo, katikati ya katoni za sabuni.

"Tumeanza kwenda?" Papa aliuliza.

"Tumekwisha kufika, Papa."

Tulikaa chini ya paa lile mpaka siku daktari alipokitoa kitambaa, kule hospitalini. Tonton, Papa anaona. Anaona! Alianza kunitazama mimi, muda mrefu, akanigusa shavu. Kisha akamgeukia Mumbere. Kumbuka kwamba tulipooana giza lilikuwa limekwisha kumfunika. Mkwe anayemwosha na kumlisha, hajawahi kumwona. Alimpima kutoka juu hadi chini.

"Ni huyu Mumbere? Nilizania iko murefu."

Tulicheka hata daktari akacheka. Kisha Mumbere alitoka nje, na nilipomfuata nilimkuta ameegemea ukuta analia kama mtoto.

Tutaondoka daktari akikwisha kumtazama mara moja tena. Jicho la kushoto litangojea kiangazi kingine. Jafari hataki kusikia neno la shukrani. Anasema tu tumsalimie Butembo, mahali asipopajua.

Nisalimie Mama Sophie, Benoît na Micheline, na shangazi Adèle umwambie sala yake ya novena imesikiwa. Mungu awafunike nyote nyumbani, na akulaze salama wewe uliyekuwa unakesha kwa ajili yetu.

Ni mimi, mtoto wa kaka yako, ninayekupenda hata ukinikasirikia,

Kasoki

Jérôme, ni miye, kaka yako. Kasoki amenipa kalamu. Najua mistari inapanda mlima, usinicheke. Siku tutakayofika, usimtume mutu barabarani kunishika mkono. Simama mlangoni kwako. Nitakuja mwenyewe.
Zacharie